Arobaini Isiyofika

Haikuwa zamani na wala haijawa bado. Ni sasa hivi, ndani ya mchezo. Mmoja wa ile michezo ya kompyuta ambayo mtu hukaa kitako na kidude cha kubonyeza mikononi, akamwendesha shujaa bondeni na mlimani huku chai yake ikipoa pembeni. Ndani ya mchezo huo mlikuwa na mji, mji ulikuwa na lango, na langoni alisimama Sikudhani akikaanga vitumbua, mtoto amemfunga mgongoni kwa kanga. Kanga yenyewe haikuwa na jina. Fundi aliyeuchora mji alitia pindoni mistari iliyofanana na herufi, akijua kwamba hakuna atakayeinama kuisoma.

Watu wa humo walijua kwamba wamo ndani ya mchezo. Walilijua hilo kama mtu anavyojua kwamba ana ini: hajaliona, halifikirii, lakini likiuma linauma kweli. Waliopita langoni wakitoka Nje waliwaita wageni. Kila mgeni alikuja na umbo lilelile, shujaa mwenye upanga na koti jekundu, lakini mkono ulioliendesha umbo hilo ulikuwa mwingine kila mara, na wenyeji walikwishazoea kuutambua: huyu ana papara, huyu kachoka, huyu amekuja kuvunja vyungu tu. Mgeni hakuwa na sauti. Alikuwa na maneno matatu yanayoning'inia chini ya kifua chake, achague moja: NDIYO, HAPANA, RUKA.

Sikudhani naye alikuwa na sentensi moja. "Karibu mgeni, kitumbua kimoja kinarudisha nguvu, na njia ya mlimani iko kushoto kwako." Sentensi safi, haina kosa. Lakini tangu alipopewa hajawahi kuifikisha mwisho. Wageni wote, asibaki hata mmoja, walibonyeza RUKA alipofika kwenye "Karibu mge". Hapo ulimi ulikatika, kitumbua kikatoka, mgeni akakimbia kushoto. Aliishi na nusu ya neno kinywani, kama mtu aliyezuiwa katikati ya chafya. Na kilichokuwa upande wa pili wa nukta, kama kilikuwapo kitu, hakuna aliyekijua.

Tena lilikuwapo jambo la siku. Mgeni akiingia ilikuwa asubuhi. Akivuka mlima ilikuwa jioni. Akiingia mwingine ilikuwa asubuhi ileile. Na asubuhi hiyo, kwa hesabu ya Sikudhani, ilikuwa ya thelathini na tisa tangu ajifungue. Mzazi na mwanawe hawatoki nje kabla ya arobaini, mtoto mchanga haachiwi macho ya watu: hayo aliyajua, ingawa hakuchorewa mama wa kumfunza wala mwanamke wa kumkanda kwa maji ya moto. Aliyapata wapi? Aliyakuta ndani yake kama alivyoyakuta maziwa. Fundi, bila shaka, ni mtu asiyejua habari za uzazi, kumsimamisha mzazi wa siku thelathini na tisa mbele ya karai la mafuta. Basi Sikudhani akafanya aliloweza. Akaikaza kanga, akaivuta juu ya kichwa cha mtoto, akaipenyeza chini ya miguu, isionekane hata nywele. Nitamfunua kesho, alijiambia. Kesho ni arobaini.

Kesho. Kesho iko nyuma ya mlima. Waliokwenda huko hawakurudi na habari. Thelathini na tisa. Thelathini na tisa. Halii. Mbona halii? Hana uzito. Labda ndio wepesi wa watoto. Labda amelala, mtoto wa siku hizo hulala sana. Sana kiasi gani? Thelathini na tisa.

Asubuhi moja, na zote ni moja, kabla mgeni hajaingia, akaja Bi Mize.

Bi Mize ndiye peke yake aliyetoka siku moja kwenda nyingine. Siku hazikumrudisha nyuma. Alikuwa mtu wa Fundi, mama wa makamo, mpole, mwenye ufagio wa chelewa begani na karatasi mkononi. Mchezo umekuwa mzito, alisema kila alipoulizwa. Unakwama mikononi mwa wageni, lazima upunguzwe. Na kinachopunguzwa ni kile ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukiuliza. Alipopita Bi Mize, ardhi ilibaki laini na ya kung'aa, kama kovu la chanjo. Mji ulikuwa na makovu kadhaa ya namna hiyo. Watu waliyazunguka walipotembea, bila kujua wanazunguka nini.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Vinanukia."

"Karibu kimoja."

"Nikiwa kazini sili." Alikitazama hata hivyo. Kisha akafungua karatasi. "Nimekuja kwa ajili ya huo mzigo."

"Mzigo upi?"

"Huo wa mgongoni."

"Huyu ni mtoto, Bi Mize."

"Hapa pameandikwa mzigo. Mgongoni, haujawahi kuulizwa." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama muuguzi anayewaambia watu foleni nzima kwamba dawa imekwisha. "Wewe hubanduki, usiogope. Wewe una vitumbua. Ni huo tu. Nitapita alasiri. Hutasikia maumivu, na ukishapita ufagio hutakumbuka kwamba kulikuwa na kitu. Wenzako hata hawakulalamika."

"Wenzangu gani?"

Bi Mize akamtazama kwa huruma ya kweli. "Si unaona," akasema, akaenda zake kuelekea sokoni.

Aliyeyasikia yote hayo ni Makame, mlinzi wa lango. Kazi ya Makame ilikuwa kufa. Mgeni aliingia, akataka kujua upanga wake unakata vipi, akamjaribia Makame. Asubuhi ikirudi, Makame amesimama tena na mkuki wake, amefunga mkanda wake mpana wa kitambaa chekundu, anauliza kama kuna kitumbua kilichoungua ili asikilipie.

"Mama Kitumbua, umepauka."

"Wanataka kumfagia mwanangu."

Makame aliyekuwa na mzaha tayari ulimini akaumeza. Akaegemeza mkuki ukutani. "Basi mfunue. Mgeni akiona uso atauliza tu. Nasikia watu wa Nje wanapenda watoto."

"Arobaini haijafika."

"Haifiki, Sikudhani. Mimi asubuhi ya leo nimeuawa mara elfu saba. Kama kungekuwa na kesho, si ningekuwa nimezikwa? Na wewe umemfunga kama kigunia cha unga. Nani ataulizia hali ya unga? Kuna mgeni mmoja hata alitaka kumnunua."

"Mwongo wewe."

"Alisimama nyuma yako akabonyeza NDIYO mpaka akachoka. Nilikuwa nimelala pale chini, nimekufa, lakini niliona."

Sikudhani hakucheka. Aligeuza kitumbua ambacho hakikuhitaji kugeuzwa.

"Ni arobaini," Makame akauliza kwa sauti ya chini, "au kuna jingine?"

Lilikuwapo jingine. Nyumba za mji ule zilikuwa na mbele tu. Sikudhani aliligundua hilo siku alipopita nyuma ya msikiti kutafuta kuni: ukuta wa nyuma haukuwapo, palikuwa na kijivu kitupu kisicho baridi wala joto. Fundi alichora pale tu ambapo mgeni angetazama. Mlango ambao haukufunguliwa haukuwa na chumba. Chungu ambacho hakikuvunjwa hakikuwa na ndani. Tangu siku hiyo alilala, kama kulala ndiko kule kusimama macho wazi usiku, akijiuliza kama na yeye ana ndani, ama ni mbele tu. Na kama hofu hii anayoisikia ipo tumboni mwake au imechorwa usoni mwake ili apendeze. Je, mtu asiyeulizwa yupo? Na anayeuliza ndiye anayemfanya awepo, au alikuwapo, amekaa gizani na maneno yake, akingoja kubishiwa hodi? Na aliyepewa uwezo wa kuruka, kila anaporuka, anaruka nini hasa: maneno, au mtu?

"Sijamwona," akasema. "Uso wake. Nilimkuta mgongoni, amefungwa hivihivi. Nilipoikaza kanga nilifumba macho. Na kama hamna kitu, kaka Makame? Nikifunua nikakuta kijivu?"

 Makame akauchukua mkuki wake, kwa maana langoni kulikuwa na vishindo: mgeni wa siku ameingia. Mgeni wa siku alikuwa mmoja. Huyu ndiye, na baada yake ni alasiri.

Aliingia kwa kugonga ukuta. Akarudi nyuma, akaugonga tena. Akageuka akatazama mbingu, akatazama viatu vyake, akachomoa upanga bila sababu na kuurudisha. Makame alisimama mbele yake, kifua mbele, akingoja kufa. Mgeni akampita.

"Hata kuniua hakuniua," Makame akanong'ona, kidogo ameumia. "Huyu hajui kitu."

Sikudhani aliutazama ule mkono. Ulikuwa mkono mgeni wa mchezo, huo mtu yeyote angeuona. Lakini kulikuwa na jambo lingine. Ulikuwa mkono mmoja. Wageni wote walicheza kwa mikono miwili, huu ulicheza kwa mmoja, kama kwamba wa pili umebeba kitu. Na hata shujaa aliposimama, hakusimama tuli: aliyumba pole, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Sikudhani aliujua mwendo ule mgongoni mwake kabla hajaujua kichwani.

Shujaa akasimama mbele ya karai. Ulimi wa Sikudhani ukaanza wenyewe, kama kawaida.

"Karibu mgeni," ulisema, ukasita mahali pake pa kukatwa. Hapakukatwa. "Kitumbua kimoja kinarudisha nguvu," ulisema, na maneno hayo yalikuwa mapya mdomoni, yana ncha, hayajawahi kutumika, "na njia ya mlimani iko kushoto kwako."

Nukta.

Upande wa pili wa nukta hapakuwa na kitu. Fundi aliacha pengo hapo, pengine alikusudia kurudi akalijaze, akasahau. Lilikuwa pana na kimya. Mgeni alikuwa bado amesimama, anayumba. Hakujua kama ameambiwa aende. Ulimi wa Sikudhani, uliokuwa mali ya Fundi tangu asubuhi ya kwanza, ulilala kinywani mwake umefunguliwa, na ulikuwa wake.

 Angesema nini? Msaidie? Wanamfagia? Wageni wamekwishasikia kilio cha kila namna humo, kila njiapanda kuna mtu anayeomba aokolewe, na wote wanarukwa. Mtu haokoi asichokijua. Kwanza ajue.

"Huyu niliye naye mgongoni," akaanza, "nilimzaa hapo. Unapaona hapo palipo laini? Palikuwa na kisima."

Nyuma yake alimsikia Makame. "Kulikuwa na kisima?"

Hakujua. Labda alikumbuka, labda alitunga, na kwa mara ya kwanza hakuona tofauti ambayo ingemsaidia. "Palikuwa na kisima, na kando yake mshona viatu, mzee wa kucheka peke yake. Uchungu ulinikamata nikiteka maji. Hapakuwa na mkunga. Yule mshona viatu aligeuza uso kwa heshima, akanirushia kamba ya ngozi nifungie kitovu, akaimba kwa sauti kubwa ili asisikie ninavyo"

RUKA.

Neno lilikatika. Kisima, mzee, kamba, vyote vikazimika kinywani kama kibiriti. Huenda kidole kiliteleza tu. Huenda ule mkono wa pili ulibadilisha ubavu wa kile ulichobeba. Lakini sasa mgeni amejua kuna RUKA, na aliyekwishaijua haisahau. Sikudhani akalitazama jua: lilikuwa limekwisha kuinama kuelekea alasiri, na mwisho wa mtaa, pole, bila haraka, chelewa zilikuwa zikikwaruza.

Anaruka kwa sababu nasema. Nikisema anaruka. Nikinyamaza anaruka nini?

Hapo likamjia jambo ambalo kila aliyewahi kusimulia watoto analijua hata kama hajawahi kulitamka: hadithi haiendi mpaka anayesikiliza aitikie. Unaita, unanyamaza, unangoja. Akiitikia ndio unapanda hatua ya pili. Asipoitikia mnabaki hapohapo nyote wawili, hadithi imekaa katikati yenu kama sahani iliyofunikwa.

"Mwanangu," akasema, "ana jambo usoni."

Akanyamaza.

Mgeni akabonyeza RUKA. Hapakuwa na cha kuruka. Akabonyeza tena, mara tatu, nne. Kimya kilikuwa palepale. Akabonyeza NDIYO. Akabonyeza HAPANA. Kisha shujaa akageuka, akakimbia kushoto, kwa njia ya mlimani.

"Amekwenda," Makame akasema.

 Sikudhani alishikilia kile kimya kwa meno. Chelewa zilikwaruza mbele ya msikiti, zikakwaruza mbele ya duka la mishumaa. Bi Mize alitokea penye kona akiwa ameinama, akifagia huku anahema kidogo, na alipoinuka kunyoosha mgongo alimwona Sikudhani, akatikisa kichwa kwa upole, kama kumwambia: vumilia, ni dakika tu.

Na shujaa akarudi. Alirudi kwa kugonga ukuta, akamzunguka Sikudhani upande wa mgongo. Hakukuwa na neno la kuuliza chini ya kifua chake. Yalikuwa matatu yaleyale. Kulikuwa, hata hivyo, na kitufe cha kujificha, cha kuinama nyuma ya jiwe adui apite. Mgeni akakibonyeza. Shujaa mwenye upanga na koti jekundu akapiga magoti nyuma ya muuza vitumbua, akainua uso kuelekea kanga, akabaki hivyo, akiyumba.

"Bi Mize," Makame akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe, "unaona?"

"Naona. Hajauliza."

"Amepiga magoti."

"Karatasi yangu inasema kuulizwa, baba."

Sikudhani alijua kilichobaki. Arobaini haijafika. Macho ya watu. Kijivu. Alimzungusha mtoto kifuani, akakaa chini mbele ya mgeni, akaifungua kanga kwa vidole vilivyonuka mafuta, na safari hii hakufumba.

Hapakuwa na uso. Palikuwa na ngozi ya rangi ya tende, duara, laini, kama ardhi aliyopita Bi Mize. Kilio kilimpanda Sikudhani mpaka kooni, na kilikuwa kilio chake mwenyewe, hakikuchorwa. Mgeni hakuondoka. Aliangalia. Mkono mmoja, ukiyumba.

"Ana nyusi," Sikudhani akasema. Ilimtoka kama swali. Akangoja.

NDIYO, mgeni akajibu.

Na kwenye ule ulaini pakapita mistari miwili hafifu, kama mtu aliyechora kwa makaa akafuta, ikabaki alama.

"Nene?"

HAPANA.

"Nyembamba. Kama za" – alitafuta, hakuwa na mama, hakuwa na dada – "kama za mtoto uliyembeba wewe."

Shujaa aliacha kuyumba. Kwa muda mrefu hakubonyeza kitu. Huko Nje, mahali fulani, mtu alikuwa ametazama chini, kwenye ubavu wake. Kisha: NDIYO.

Wakaendelea hivyo. Macho, makubwa? NDIYO. Pua ya mama yake? HAPANA, akakataa mgeni, na Sikudhani akajikuta anamkubalia: kweli, pua si yangu, hii ameitoa kwao. Hakujua kwao ni wapi, lakini palikuwapo sasa, na pakawa na watu wenye pua hiyo. Mdomo uliopinda anapotaka kulia. Kovu dogo kidevuni? HAPANA. Basi hana. Kila alichosema alinyamaza baada yake, na kila alichojibiwa kilikaa. Wala hakuweza kusema tena nani kati yao anasimulia na nani anasikiliza. Neno lilianzia kwake na kuishia kidoleni mwa mwingine, na mtoto alikuwa hapo katikati ambapo wawili hao hawangeweza kugusana.

Kivuli cha ufagio kikawaangukia.

Bi Mize alisimama akiwa na karatasi. Alimtazama shujaa aliyepiga magoti, akamtazama mtoto, akakunja paji la uso kama mtu asiye na miwani.

"Hajauliza," akasema tena, lakini polepole. "Anafanya nini?"

"Anangoja jibu," Makame akasema. "Wewe umewahi kuona mtu anangoja jibu la kitu ambacho hajauliza?"

 Bi Mize alisoma karatasi yake mara ya pili, midomo ikicheza. Alikuwa mtu wa Fundi, na kama Fundi angemuuliza, angelazimika kueleza. Jua lilikuwa mahali pake pa alasiri. Sikudhani alimwinamia mtoto, akamfunika kwa kifua, mgongo wake wote akauachia ufagio.

"Hapa pameandikwa mzigo," Bi Mize akasema mwishowe, akionesha karatasi kana kwamba kuna anayebisha. "Mimi mzigo siuoni. Namwona mtoto. Mtoto hayumo kwenye karatasi." Akaikunja mara nne, akaitia kifuani. "Nitarudi, Sikudhani. Wanaandika upya kila mara. Lakini leo sina kazi hapa." Akaweka ufagio begani, akaenda.

Mgeni naye akasimama. Alichukua kitumbua, akaugonga ukuta, akashika njia ya kushoto. Hakutazama nyuma, shujaa hakufundishwa kutazama nyuma. Akishavuka mlima, asubuhi itarudi. Atakayeingia huenda akawa na papara, akabonyeza RUKA kwenye "Karibu mge", na pengo lile lisifunguke tena kwa miaka. Nyusi zitakaa? Pua itakaa? Sikudhani hakujua. Alikuwa ameketi chini, mtoto mapajani, akiogopa kupumua karibu naye.

Ndipo alipohisi uvuguvugu. Ulianzia gotini, ukatambaa, ukaingia kwenye kanga, ukashuka mpaka kifundo cha mguu. Alishtuka, akaangalia kama ni mafuta. Hayakuwa mafuta.

"Makame," akasema. "Amenikojolea."

Makame alikuja akainama. Kweli. Hakuna fundi duniani ambaye angejisumbua kuchora kitu kama hicho. Hakuna mgeni aliyekuwa amekitaja. Kilikuwa kimetoka ndani.

"Nipe kanga kavu tumbadilishe," Makame akasema.

"Sina. Nilichorewa moja."

Makame akatazama njia ya mlimani, akatazama lango. Kisha akaanza kufungua ule mkanda wake mwekundu, fundo moja baada ya jingine, akinung'unika kwamba kesho watamuua suruali ikiwa imemwanguka, na huyu mtoto, ana siku ngapi tu, tayari amemvunjia heshima. Sikudhani alipokea kile kitambaa. Mtoto, aliyehisi upepo, akakunja mdomo, akavuta pumzi ndefu, ndefu sana, na wote wawili wakamtazama, wakingoja sauti.